Kuamsha injini iliyolala miaka 14

Siku ya tisa kabureta ilinipigia chafya usoni. Nilikuwa nimeinama juu ya injini, chujio cha hewa limetolewa, mkono mmoja umeshika waya wa aksileta, na binti yangu ndani ya gari akapiga stata. Injini ikazunguka mara mbili tatu, kisha puh! Ulimi wa moto ukachomoka kwenye koo la kabureta, pale hewa na petroli zinapochanganyika, ukaondoka na nywele za mkono wangu wa kulia. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa hatua mbili kutoka pale na haukuhitajika. Lakini nilikaa chini kwanza, nikanywa maji, nikajiuliza nimekosea wapi, maana mpaka hapo nilijiona fundi.

Gari ni Peugeot 404 ya mwaka 1967, mali ya mjomba wangu. Aliiendesha mpaka macho yalipoanza kumsaliti, akaiingiza bandani kwa mkono wake mwenyewe, akatoa funguo, na haikuwashwa tena kwa miaka 14. Siku aliponiruhusu niiguse nilimuuliza swali moja tu: siku ya mwisho ilikuwaje? Akajibu, "Iliingia yenyewe. Stata ilikuwa nzito kidogo, basi."

Jibu hilo lina thamani kuliko boksi zima la spana. Gari lililovutwa kwa kamba likatupwa pembeni lina ugonjwa ambao mwenyewe alishindwa nao, na ugonjwa huo bado umo ndani unakusubiri. Gari lililoingia kwa miguu yake, taimingi yake (wakati wa kila silinda kupata moto) ni sawa, valvu zake, milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, zilikuwa zinafunga, nyaya zake ziko mahali pake. Kilichoharibika kimeharibika kwa kukaa: kutu, petroli iliyooza, raba zilizokauka, panya. Kwa hiyo hupaswi kulegeza kitu ambacho hulazimiki kukilegeza. Nilijua hilo tangu siku ya kwanza. Nililisema kwa sauti, mbele ya shahidi. Kumbukeni hapo.

Na panya walikuwepo. Nilipofungua chujio cha hewa nilikuta kiota kizima: sponji ya kiti cha nyuma, maganda ya mbegu, karatasi zilizotafunwa laini kama pamba. Kama ningefungua swichi siku ile ile kwa hamu niliyokuwa nayo, uchafu wote ule ungevutwa kwenye kabureta, na mwingine ungefika kwenye valvu. Walikuwa wametafuna pia waya unaotoka kwenye koili inayokuza umeme kwenda kwenye distribyuta inayougawia plagi, wakaacha shaba inang'aa urefu wa kidole.

Watu wengi wakipata gari la namna hii, kitu cha kwanza ni betri mpya na ufunguo. Mimi kwa wiki ya kwanza sikufunga betri kabisa. Injini iliyokaa huwa haijafa, ila unaweza kuiua kwa sekunde tatu. Stata ina nguvu za kutosha kuvunja ringi ya pistoni iliyoshikwa na kutu, au kupinda pushirodi, fimbo ya kusukuma valvu, pale valvu inapogoma kurudi. Mkono wako hauna nguvu hizo, na hata ukiwa nazo, utasikia kabla ya kitu kuvunjika.

Nikaanza na oili. Nilichomoa kijiti cha kupimia nikakipangusa kwenye karatasi nyeupe: nyeusi ti, nzito, inanuka uzee, lakini hakuna ukungu wa rangi ya maziwa. Nikalegeza nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, taratibu, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, kwa sababu maji yakiwemo hukaa chini ya oili na ndiyo yatakayotoka kwanza. Hayakutoka. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea, kwani injini hii ina slivu (mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazoogelea kwenye maji, kila moja imekalia sili yake kule chini, na sili zikishavuja maji huingia moja kwa moja kwenye oili. Ndiyo sababu pia sikutaka kufungua silinda hedi, kichwa kinachofunika silinda, bila sababu. Ukiitoa hedi halafu ukazungusha injini bila kuzibana slivu, zinanyanyuka kwenye viti vyake, na kazi ya siku moja inakuwa ya mwezi.

Plagi za 404 zimezama kwenye visima virefu, na kwa miaka 14 visima vile vilikuwa vyoo vya panya. Usichomoe plagi kabla hujasafisha kisima, maana ukiitoa tu, kila kilichomo kinadondokea juu ya pistoni. Nilitumia bomba la kupuliza upepo na mrija mwembamba, macho nimeyafunika, mdomo nimeufunga kitambaa. Plagi tatu zilitoka kavu na nyeusi. Ya nne, ya pili kutoka nyuma, ilitoka na unga wa kutu kwenye nyuzi.

Hapo nikajua pa kuangalia. Injini ikisimama, daima kuna silinda ambayo valvu yake imebaki wazi. Silinda hiyo hupumua hewa ya nje usiku na mchana, unyevu unaingia, na kutu huandika mstari mwembamba pale ringi zilipokutana na ukuta. Zile zilizofungwa hazipati shida sana. Nikamimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa mafuta ya giaboksi otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Ila 404 ina kitu chake: injini imelazwa ubavuni nyuzi 45, kwa hiyo ukimimina tu, dawa inajaa upande wa chini na upande wa juu unabaki mkavu. Nikafunga mrija laini kwenye sirinji, nikaupinda ncha, nikawa narusha dawa juu ya ukuta wa juu wa kila silinda asubuhi na jioni. Siku nne.

Siku ya tano nikaweka gia ya nne, nikatoa hendibreki, nikaegemea mlango na kusukuma. Gari halikwenda. Nikarudi nyuma, nikasukuma. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni pa banda, kichwa kimeinama upande mmoja. Macho yake yanaona vivuli tu siku hizi, ila masikio hayajazeeka. Baada ya robo saa hivi nikasikia kitu kama mlango wa kabati unaobanduka kwenye rangi mbichi, na gari likasogea shubiri moja. "Hiyo," akasema mjomba. Nilikuwa sijatamka neno.

Kabla ya kuizungusha mzunguko mzima nikafungua kifuniko cha valvu. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayopindisha mapushirodi. Nikaweka spana kwenye nati ya puli ya mbele, nikazungusha polepole huku nikitazama kila valvu ikishuka na kupanda. Saba zilirudi vizuri. Ya nane, eksozi (valvu ya kutoa moshi) ya ile silinda yenye kutu, ilishuka ikabaki chini, na roka yake, mkono unaoibonyeza, ikawa inacheza hewani. Ingegongwa na stata katika hali ile! Nikaidondoshea dawa kwenye shina lake, nikaigonga juu kwa kipande cha mti mgumu na nyundo ndogo, tak, tak, tak, ikapanda nusu. Nikaacha, nikarudi baada ya chakula cha mchana, nikagonga tena. Ilichukua siku nzima kabla haijaanza kurudi yenyewe kwa kishindo kile kinachotakiwa.

Oili mpya, filta mpya, betri yenye moto. Plagi bado ziko mezani. Nikapiga stata kwa vipindi vya sekunde kumi, kifuniko cha valvu kiko wazi, nikisubiri kuona oili ikifika juu. Kipindi cha kwanza, kavu. Cha pili, kavu. Cha nne, pembeni ya roka ya nyuma pakalowa, pakang'aa, kisha tone moja likajitokeza, likanenepa, likadondoka. Nilimwita binti yangu aje aone. Ana miaka 12 na hakuona cha ajabu hata kidogo.

Alichopenda yeye ni kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Nilimwambia aweke kidole gumba kwenye tundu la plagi niliyoiongezea bomba fupi la raba, nikazungusha kwa spana, na hewa ikamsukuma kidole. "Inanipuliza!" Akataka kurudia kila silinda. Kipimo cha saa kilitoa bar 8 kwa silinda tatu na bar 4 tu kwa ile mgonjwa. Hapo kuna jaribio la zamani lisilopitwa na wakati: dondoshea oili kidogo kwenye silinda dhaifu upime tena. Kipimo kikipanda, ringi ndizo zinazovujisha, maana oili imezisaidia kuziba. Kisipopanda, tafuta valvu. Changu kilipanda kidogo mno, kwa hiyo ni valvu, kiti chake kina kutu. Bar 4 haiwashi silinda vizuri, lakini tatu zilizobaki zinatosha kuiamsha injini, na mara nyingi valvu hujisafisha yenyewe ikianza kupigwa na moto. Nikaamua kuendelea.

Moto sasa. Nilifungua kofia ya distribyuta nikaona pointi, swichi ndogo ya kuunga na kukata umeme, zimeota kijivu. Zikikaa bila kazi hujitengenezea utando unaozuia umeme, hata kama kwa macho zinaonekana zimegusana. Msasa laini wa namba 600, kisha kipande cha karatasi safi kuvuta vumbi katikati yake, kisha fila geji, kibati cha kupimia nafasi: milimita 0.4. Nikaunga upya waya uliotafunwa. Nikaegemeza plagi kwenye bodi ya injini, nikazungusha, cheche ikatoka ya njano, nyembamba, ya kinyonge. Kondensa, kile kikopo kinachohifadhi umeme kando ya pointi. Kwa magari haya, kondensa iliyokaa ni ya kubadilisha bila mjadala. Mpya ilipoingia cheche ikawa ya bluu na inasikika ikilia.

Na hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Nyaya za plagi zilikuwa zimekauka, ukizikunja zinapasuka. Nikazing'oa zote nne kwa mpigo mmoja, bila alama, bila picha, nikaenda kukata mpya. Simu iko mfukoni! Picha moja tu. Nilijiambia kwamba nina kitabu cha gari, na kitabu kina mchoro wa kofia ya distribyuta unaoonyesha tundu la namba moja, na mfuatano wa kuwaka ni 1-3-4-2. Nini tena? Nikafuata mchoro, nikahesabu silinda kuanzia mbele kwenye redieta, moja, mbili, tatu, nne.

Petroli nilikuwa nimeimaliza mapema. Ya zamani kwenye kabureta haikuwa petroli tena, ilikuwa vanishi ya rangi ya kahawia na harufu ya rangi ya kale. Boya la kabureta lilikuwa limegandia chini na sindano yake haichezi. Jeti, vitundu vinavyopima petroli, niliziloweka usiku kucha kisha nikazipuliza. Msitumie waya kuzizibua, ni shaba laini, mkwaruzo mmoja unabadilisha kipimo cha mafuta na hamtajua kwa nini gari linakunywa. Tanki sikuligusa. Hata pampu sikuiamini, maana kiwambo chake cha raba kilikuwa kigumu kama ngozi ya ngoma, na kiwambo kikichanika petroli inaweza kushuka kwenye oili bila wewe kuona. Nikatundika chupa ya petroli safi juu ya kabureta, na mrija mpya. Injini ina hewa, ina moto, ina mafuta, ina kompresheni. Haina sababu ya kukataa.

Ikakataa, kwa chafya ile niliyoanza nayo.

Nilipoteza siku mbili kuanzia hapo, na zote mbili nilizipoteza kwa kiburi. Nikasema ni kabureta, inachanganya hewa nyingi. Nikaifungua, nikaisafisha tena, nikaifunga. Chafya. Nikasema ni valvu ya kuingiza, haifungi, moto unarudi. Nikafungua kifuniko, nikatazama, zinafunga. Chafya. Nikageuza distribyuta kidogo huku, kidogo kule. Chafya kubwa zaidi. Ajabu ni kwamba ilikuwa chafya ya mara kwa mara, ya mpangilio, kila silinda kwa zamu yake. Hilo lilipaswa kuniambia kitu. Valvu mbovu moja ingekuwa inapiga chafya peke yake, si kwaya nzima.

Jioni ya siku ya kumi na moja mjomba akaja polepole na fimbo yake, akaegemea fenda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Namba moja umeiweka wapi?"

"Mbele, mjomba. Kwenye redieta."

Akacheka mpaka akakohoa. "Namba moja iko nyuma, mjomba. Kwenye flaiwili."

Na ni kweli. Peugeot wa zama zile walihesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili, yaani nyuma, karibu na dereva. Kitabu kilikuwa kinasema hivyo hivyo, kurasa chache kabla ya mchoro, ukurasa ambao niliuruka kwa sababu nilidhani kila mtu anajua silinda ya kwanza iko wapi.

Kilichonivutia baada ya aibu kupoa ni jinsi kosa lilivyojificha. Andika 1-3-4-2 kwenye karatasi, kisha uhesabu silinda kinyume: moja inakuwa nne, tatu inakuwa mbili, nne inakuwa moja, mbili inakuwa tatu. Unapata 4-2-1-3. Anza kuisoma kwenye moja na uzunguke: 1-3-4-2. Mfuatano ni ule ule! Kwa hiyo injini haikuchanganyikiwa, ilikuwa inapokea moto kwa utaratibu kamili, ila kila silinda ilikuwa inaupata mzunguko mmoja mzima kabla au baada ya wakati wake. Pistoni iko juu, ndiyo, lakini iko juu inamaliza kutoa moshi, na valvu ya kuingiza ndiyo kwanza inafunguka. Cheche inawasha mchanganyiko mlango ukiwa wazi, moto unatokea ulikoingilia. Ndiyo maana kugeuza distribyuta kidogo hakukusaidia: nilihitaji nusu duara yake.

Dawa ilichukua dakika moja. Waya wa moja na wa nne vikabadilishana tundu, wa mbili na wa tatu vikabadilishana. Sikugusa kingine.

Binti yangu akapiga stata. Mzunguko mmoja, wa pili, na ikashika. Haikuwaka kwa uzuri. Ilitetemeka kwa silinda tatu kama meza yenye mguu mfupi, ikatoa moshi mzito mweupe wa dawa zote nilizomimina, moshi wa kufukuza nyuki, watu wa nyumba ya jirani wakatoka kuangalia. Nikaishikilia kwa aksileta, si juu sana, taa ya oili imezimika, macho yangu kwenye mrija wa petroli. Dakika ya sita au ya saba ile silinda mgonjwa ikaanza kuitikia, mara ndiyo mara hapana, kisha ndiyo. Mtetemo ukaisha kama mtu aliyeshika meza kwa mkono. Siku iliyofuata kipimo chake kilikuwa kimepanda kutoka bar 4 hadi 7.

Pampu ya maji inavuja, nilitegemea. Maji ya redieta yalitoka rangi ya chai na nitayabadilisha mara tatu au nne kabla sijayaamini. Kilichonishangaza ni feni. Feni ya 404 haizunguki muda wote, ina sumaku ya umeme inayoishika pale injini inapopata joto. Nilikuwa nimeshaihesabu kwenye orodha ya vilivyokufa. Maji yalipochemka kiasi chake nikasikia tak, na feni ikaanza kupuliza vumbi la miaka 14 usoni kwangu. Sijaigusa kwa chochote. Siombi kujua kwa nini inafanya kazi.

Breki hazipo kabisa na sitazieleza hapa, kwa hiyo gari halijatoka bandani na halitatoka karibuni. Niliiacha ikinguruma dakika 20. Mjomba alibaki ameegemea fenda, kiganja kimelazwa kwenye boneti iliyofunguliwa, kichwa kimeinama upande.

"Zima kidogo. Haya, washa."

Nikawasha.

"Tapeti moja inagonga."

Mimi nilisikia injini nzima ikigonga. Nikamuuliza ipi.

"Ya nyuma. Eksozi."

Asubuhi, injini ikiwa baridi, nikafungua kifuniko na kuingiza fila geji. Nafasi ya valvu za eksozi ilitakiwa milimita 0.25. Tatu zilikuwa hapo au karibu na hapo. Eksozi ya namba moja ilikuwa 0.40.